Umenunua droni au helikopta ya rimoti? Pitia hapa kabla hujairusha

Kama boksi bado liko mezani na betri hujaichaji una bahati, liache hapohapo kwanza tuongee. Wengi wakinunua hivi vitu wanachaji nusu saa, wanatoka nje, wanasukuma stiki juu, afu dakika mbili baadae wako chini ya mti wanatafuta mtu wa kupanda. Mi ya kwanza niliitoa kwenye paa la jirani na hadi leo siwezi kukwambia ilifikaje kule, niliiona tu inaondoka.

Kabla ya hatua zenyewe, neno moja la kwanini zimejaa hivi ghafla. Zamani helikopta ya rimoti ilikuwa mchezo wa watu wachache wenye roho ya kuvumilia, kiinjini kidogo cha mafuta, moshi, unairekebisha mchana kutwa ili iruke dakika kumi na ikianguka unanunua nusu ya helikopta upya. Afu vikakutana vitu vitatu: betri za lipo (lithiamu polima) ambazo ni nyepesi na zina nguvu, mota zisizo na brashi, na vile visensa vidogo vya jairo, vinavyohisi chombo kikigeuka au kuinama, ambavyo vilishuka bei sana kwasababu simu za mkononi zilikuwa zinavitumia kwa mamilioni. 2010 Parrot ya Ufaransa wakatoa AR.Drone unayoiendesha na simu kwa waifai, 2013 DJI wa China wakaleta Phantom yenye GPS, na hapo kila mtu akawa rubani. Cha kuchekesha ni kwamba hao DJI, walioanza 2006, bidhaa zao za mwanzo zilikuwa vifaa vya kuituliza helikopta ya rimoti isiyumbe, droni zilikuja baadae.

Na hapa ndio penye tatizo. Droni ya GPS ukiachia stiki inasimama hewani kama imefungwa kamba, sasa mtu anajiona anajua kurusha wakati inajirusha yenyewe. Siku satelaiti zikipotea, labda uko katikati ya majengo marefu au dira imechanganyikiwa, inaanza kwenda na upepo taratibu kama puto, na pale ndio unagundua mikono yako haijawahi kufanya kazi yoyote. Kwahiyo nimezipanga hizi hatua upate mikono kwanza, kamera itakuja yenyewe.

Hatua ya 1: Anza na kadogo

Ndio najua unataka ile kubwa yenye kamera. Kama umeshainunua iweke kabatini wiki tatu. Tafuta kadroni kale kanakokaa kiganjani, kenye propela zilizozungushiwa vizuizi vya plastiki, kasikokuwa na GPS. Kana gramu 20 au 30 tu, kakigonga ukuta kanadondoka unakaokota unaendelea. Droni ya kamera ikigonga ukuta unakaa kimya siku nzima.

Kwa upande wa helikopta kuna ngazi tatu na usiruke hata moja. Ya kwanza ni ile yenye seti mbili za mapanga zimepandana juu, moja inazunguka kulia nyingine kushoto, hii imetulia mno, hata mtoto anaiweza, ila upepo kidogo tu imekwenda. Ya pili ina seti moja ya mapanga juu na kale kadogo ka mkiani, kupanda na kushuka kwake ni kuongeza au kupunguza mzunguko wa mota. Ya tatu ndio kazi yenyewe, mapanga yanabadilisha ulalo wakati yanazunguka, servo (vimota vidogo vya kusukuma) zinasukuma kisahani kilicho chini ya mapanga, inaweza kuruka chali tumbo likiangalia juu na ikakuumiza vilevile. Nitairudia hii mbele.

Hatua ya 2: Sheria, chapchap

Kila nchi ina mamlaka yake ya anga, ingia tovuti yao usome, usiulize mtaani. Vitu vinavyojirudia sehemu nyingi ni hivi: usipande zaidi ya mita 120 kutoka chini, usikaribie uwanja wa ndege, usirushe juu ya umati, na uione droni yako kwa macho yako muda wote. Kuna nchi huruhusiwi hata kuiingiza kwenye begi bila kibali kwahiyo kama unasafiri nayo uliza kabla ya kupanda ndege. Umewahi kujiuliza kwanini droni nyingi ndogo za kamera zina gramu 249? Ni kwasababu Marekani na nchi kadhaa wameweka mstari kwenye gramu 250, ukiuvuka masharti yanaongezeka, basi watengenezaji wakapunguza hadi gramu moja chini ya mstari. Na usione wanazidisha ukali, Desemba 2018 uwanja wa Gatwick kule Uingereza ulisimamisha ndege kwa zaidi ya siku nzima kwasababu tu watu waliripoti kuona droni.

Hatua ya 3: Betri, hapa usiwe na haraka

Ukiniuliza kitu kimoja kinachoweza kuunguza nyumba kwenye huu mchezo ni betri wala sio mapanga. Lipo inafanya kazi kwa seli, kila seli ikijaa inakuwa volti 4.2, ikiwa ya kuhifadhi iache kwenye 3.8 hivi, na ikishuka chini ya 3.0 imeshaumia, unaweza ukaichaji ikakubali lakini sio ile tena na siku moja itakuzimikia hewani. Ukiona imeandikwa 3S maana yake seli tatu, basi ikijaa ni volti 12.6. Mi natua ikifika 3.5 kwa kila seli, watu wananicheka ila betri zangu zinadumu.

Kuchaji: kama chaja yako ina uwezo wa kubalansi seli, yaani kuzijaza zote sawasawa, tumia hiyo siku zote. Kiasi cha umeme ni rahisi, chukua miliampia za betri ugawe kwa 1000, betri ya 1500 unaichaji kwa ampia 1.5, ya 2200 kwa 2.2, usiongeze kwasababu una haraka. Chajia juu ya kitu kisichoshika moto, vigae au zege, mbali na mapazia na kochi, na uwe macho. Kulala huku lipo iko kwenye chaja hapana, kutoka kwenda kazini hapana. Na ukimaliza kuruka subiri ipoe kabla ya kuichaji tena.

Betri ikivimba kama mto usiiminye, usiitoboe kutoa hewa (kuna mtu nimemuona kwa macho yangu anafanya hivyo na sindano), iache. Iweke nje kwenye chombo cha chuma au udongo, afu ipeleke wanapopokea betri chakavu, kwenye takataka za kawaida usiitupe. Hata ambayo haijavimba ila imegonga chini kwa nguvu iweke nje uiangalie nusu saa nzima kabla ya kuirudisha ndani, maana huwa inachelewa kukasirika.

Kitu kingine, hii ndio watu wanasahau, usiache betri imejaa wiki nzima kabatini. Ukichaji afu mvua ikanyesha hukuruka, irudishe kwenye 3.8, chaja nyingi zina kitufe cha kuhifadhi.

Hatua ya 4: Jua stiki zako

Rimoti nyingi zinakuja Modi 2: stiki ya kushoto juu chini ni kupanda na kushuka, kushoto kulia ni kugeuza pua. Ya kulia ni kwenda mbele, nyuma na pembeni. Kuna Modi 1 ambayo nguvu (kupanda na kushuka) iko mkono wa kulia, wapo wazee wa zamani wanaoipenda, wewe chagua moja ufe nayo maana kubadilisha baadae ni mateso.

Mpangilio wa kuwasha uwe wimbo kichwani: rimoti kwanza, droni baadae. Kuzima ni kinyume, droni kwanza afu rimoti. Sababu ni kwamba chombo kilichowashwa bila rimoti yake hakina wa kukiongoza, na sio vyote vinakaa kimya vikimsubiri mwenyewe.

Kabla ya kuruka hakikisha propela ziko mahali pake. Kwenye droni ya mota nne, mota zinazotazamana kwa kona zinazunguka upande mmoja, zingine mbili upande mwingine, na propela nazo ni za aina mbili, zina alama ya herufi au kichora. Ukichanganya hata moja haitaruka, itabinuka palepale chini na kulima majani. Nusu ya wanaonipigia eti droni imekufa ni hiyo tu.

Hatua ya 5: Simuleta

Hii hatua inaboa na ndio itakayokuokolea pesa kuliko zote. Rimoti nyingi za hobi zinaingia kwenye kompyuta kwa waya wa USB, unafungua programu kama RealFlight kwa helikopta na ndege, au Liftoff au Velocidrone kwa droni za mashindano, unaanguka mara mia bila kuvunja kitu. Mi nasema angalau masaa kumi, nusu saa nusu saa kila siku, sio masaa kumi jumamosi moja maana mikono inajifunza ukilala. Usicheze kama gemu la kukimbizana, simama tu hewani. Ukiweza kusimama sehemu moja dakika mbili bila kusogea zaidi ya upana wa gari, umeiva kwa hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza nje

Asubuhi mapema, upepo unakuwa umelala. Uwanja mpana, majani mafupi, hamna watoto hamna mbwa. Mbwa wanachukia hivi vitu sijui kwanini.

Weka chini mkia ukiwa upande wako, yaani pua inaangalia mbele kama wewe, hapo kulia kwake ni kulia kwako. Rudi nyuma hatua tano au sita. Ongeza nguvu hadi inyanyuke na usiogope pale mwanzoni, makosa ya wengi ni kuinyanyua sentimita kumi wakaishia hapo, sasa pale chini hewa inayosukumwa na mapanga inagonga ardhi na kurudi, chombo kinayumba kama kimelewa. Panda hadi usawa wa kichwa chako hivi, utaona kimetulia. Afu kaa. Usiende popote. Stiki isukume kama unagusa jicho, kidogo tu, na ukishasukuma irudishe kabla hata hujaona kimeitika maana kinachelewa kidogo na ukisubiri uone utakuwa umeshazidisha.

Ukipoteza mwelekeo kabisa na inaenda kwa watu, kata nguvu. Idondoke. Plastiki inanunulika.

Hatua ya 7: Kugeuza pua (hapa ndio shule yenyewe)

Mkia ukiwa kwako kila mtu ni fundi. Sasa igeuze robo, pua iangalie kulia, isimamishe hapo hadi uzoee, afu kushoto. Upande mmoja utakuwa mgumu zaidi, huo ndio ufanyie mazoezi mara mbili, usiukimbie. Ukishaweza pande zote mbili ndio uigeuze pua ikuangalie wewe, na hapo dunia inapinduka, ukisukuma kulia inaenda kushoto kwako, ubongo unagoma kabisa na droni inazidi kukimbia huku unaisukumia kulekule.

Kuna ujanja mmoja mdogo uliniokoa mimi. Ikiwa inakuangalia na imelalia upande, peleka stiki upande ule ulioinama chini, kama vile unaweka mkono chini yake kuinyanyua. Usifikirie kulia wala kushoto, fikiria tu imeinamia wapi nikaishike. Itanyooka. Baada ya wiki mbili hutofikiria tena, vidole vinajua.

Halafu chora nane hewani. Taratibu, duara la kulia duara la kushoto, pua inaongoza. Ukimaliza nane kumi bila GPS bila kupaniki, kafungue kabati utoe ile kubwa.

Hatua ya 8: Ile kubwa yenye GPS

Mambo yanayoipoteza hii ni tofauti kidogo, mengi yanatokea kabla hata haijanyanyuka.

Isubiri ipate satelaiti na ikwambie imerekodi sehemu ya kurudia. Ukiruka kabla haijarekodi, siku mawasiliano yakikatika haijui nyumbani ni wapi. Dira usiirekebishe pembeni ya gari, juu ya zege lenye nondo au karibu na mfuniko wa chuma, itajifunza uongo na kuruka na huo uongo.

Kisha weka urefu wa kurudi. Ikipoteza mawasiliano inapanda kwanza hadi urefu uliouweka, afu inarudi moja kwa moja, kwahiyo kama miti ya pale ina mita 25 na wewe umeacha 20 itarudi vizuri tu hadi kwenye matawi. Angalia kitu kirefu kuliko vyote pale ulipo, ongeza mita kumi na kitu. Kila sehemu mpya unaangalia upya. Na kama unarusha kutoka kwenye mashua ujue sehemu ya kurudia kwa kawaida inabaki pale ulipoanzia hata kama mashua imeshasogea, unaona inakuja, inakuja, inashuka kwenye maji.

Anza kwa kwenda kinyume na upepo ili kurudi iwe na upepo mgongoni. Wengi wanafanya kinyume, wanaenda kwa raha betri imebaki nusu wanageuka na ndio wanakutana na upepo usoni, na kule juu upepo ni mkali kuliko unaousikia wewe chini. Mi asilimia 40 nimeshageuka, 30 niko juu ya kichwa changu, 20 iko chini. Ukikuta upepo unaizidi nguvu usiendelee kupanda, shusha, karibu na ardhi upepo hupungua.

Kushuka nako usishuke wima kwa kasi. Chombo kinaingia kwenye hewa yake chenyewe iliyovurugika, kinaanza kutetemeka na kuzama, ukiongeza nguvu kinazama zaidi. Kikifanya hivyo sukuma mbele kitoke kwenye hiyo hewa. Au toka mwanzo shuka kwa kuzunguka kama ngazi za mnara.

Na kamera usiielekeze madirishani kwa watu. Hilo halihitaji maelezo.

Kwa walioamua helikopta ya ngazi ya tatu

Nawaheshimu ila tuheshimiane. Ile saizi ya kawaida inayoitwa 450 ina mapanga ya milimita 325 hivi, ikizunguka mara 2500 kwa dakika ncha ya panga inapita kilomita 300 kwa saa. Hicho sio kitu cha kuchezea. Simama mbali, mita kumi, na usiruhusu mtu asimame usawa wa mapanga.

Kwenye rimoti kuna swichi ya kukata mota inayoacha mapanga bado unayatawala. Kidole kijue iko wapi gizani. Ikienda vibaya, swichi kwanza, masikitiko baadae, ukiichelewesha mota inaendelea kusukuma na gia inanyolewa meno yote. Kila ukitaka kuibeba au kuigusa swichi iwe imekatwa, na ukiwa mezani unafanya seting chomoa kabisa mota kwenye waya zake, nimeona vidonda vya mezani na sio vizuri.

Skrubu za chuma kwa chuma zipakwe gundi ya skrubu, tone dogo, la sivyo mtetemo unazifungua moja moja. Kwenye plastiki usipake, inakula plastiki. Baada ya kuiwasha angalia mapanga kwa pembeni ukiwa mbali, yakionekana mistari miwili badala ya mmoja hayako sawa, rekebisha kiungo cha panga moja hadi yaingiliane. Chini unaweza kuifunga miguu ya mazoezi, vile vijiti vinne vyenye mipira mwishoni, usione aibu.

Wanaotaka kuvaa miwani ya video

Ile ya kurusha ukiona kwa kamera ya mbele ni utamu wa aina yake, na kale kadroni ka hatua ya kwanza kapo ka aina hiyo, milimita 65, seli moja, unazunguka chini ya meza sebuleni. Mawili tu. Usiwashe kirusha picha bila antena, kinaungua. Na mkiwa wengi uwanjani usichomeke betri yako mwingine akiwa hewani bila kumuuliza channeli, unaweza kumzibia picha akaanguka na atakuwa na haki ya kukununia. Nje uwe na mtu pembeni anayeiangalia kwa macho, nchi nyingi ni sheria.

Ikianguka

Kata mota. Chomoa betri. Ndio uanze kulia.

Propela yenye hata kipengele kidogo badilisha, mtetemo wake unapanda hadi kwenye sensa na droni inaanza kuota ndoto mchana. Kwenye helikopta chomoa shafti (kile chuma kinachobeba mapanga) uizungushe juu ya kioo, ikicheza imepinda, usijaribu kuinyoosha kwa nyundo. Angalia waya zilizolehemiwa, zile za mota ndio zinaachia.

Kama huioni ilipo, usizime simu wala rimoti. Programu nyingi zinaonyesha sehemu ya mwisho kwenye ramani, na ile video iliyobaki kwenye simu inakuonyesha ilikuwa inaangalia nini wakati inaanguka. Fika pale, nyamaza, sikiliza, betri ikiwa bado ina chaji nyingi zinalia ukizibonyezea kwenye programu. Namba yako ya simu uwe umeiandika juu ya droni tangu mwanzo.

Na ikiwa juu ya mti usiirushie mawe, utavunja kilichobaki. Mi nilifunga kizito kwenye uzi wa kuvulia samaki nikaurusha juu ya tawi, nikafunga kamba nene kwenye uzi nikaivuta ipite, afu nikatikisa tawi na kamba huku wenzangu wawili wameshika shuka chini. Ilichukua saa moja na nusu. Ilidondoka pembeni ya shuka.